Mshahara wa siku 42

Kuanzia wiki ya pili ya Januari, foleni ya ofisini kwangu hufika kwenye ngazi. Nashughulikia maombi ya mikopo katika ushirika mmoja wa akiba hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa 11. Wanaopanga foleni si wazembe. Ni walimu, askari wa usiku, akina mama wenye vibanda Gikomba. Wengi wanatafuta karo na kodi ya nyumba. Nikiwauliza pesa zilienda wapi, wananijibu, "Aki sijui, ni Krismasi tu."

Hesabu yenyewe ni hii. Waajiri wengi hulipa mapema mwezi wa 12 ili watu wapate kusafiri. Ukilipwa tarehe 20 Desemba, na mshahara wa Januari uingie tarehe 31, hapo katikati kuna siku 42. Mshahara wa mwezi mmoja unalazimishwa kulisha nyumba wiki sita, na hakuna aliyeuongeza hata shilingi. Tunailaumu Januari kwamba ni ndefu, ilhali urefu wake ulianza siku ile simu ilipolia ujumbe wa benki na tukaenda kununua soda za kreti.

Ndiyo maana namwambia kila anayenisikiliza: lipia Januari kabla hujanunua kuku. Kama mwenye nyumba anakubali, mpe kodi ya Januari siku hiyo hiyo uliyolipwa. Karo ya muhula wa kwanza ipeleke kwenye akaunti ya shule. Tenga nauli ya kwenda kazini na unga wa kufika mwisho wa mwezi. Kitakachobaki, kiwe 3,000 au 15,000, ndicho cha sikukuu, na hicho kitumie chote kwa raha zako.

Desemba iliyopita mama mmoja anayeuza mboga Umoja alinijia na bahasha nne za kaki. Tatu zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino: kodi, karo, stoki. Ya nne haikuwa na jina, na ndani yake mlikuwa na 3,200. Ana watoto watatu. Akaniuliza, "Mwalimu, hii nayo ni Krismasi kweli?"

Tulikaa tukaigawa. Kwenye ploti yao nyumba sita zilikuwa zimekubaliana kununua mbuzi mmoja Kiamaiko, kila nyumba 1,600. Mbuzi alichinjwa huko huko na nyama ikapigwa muhuri wa mkaguzi, jambo ambalo nalisisitiza sana, maana nyama isiyokaguliwa inaweza kukugharimu hospitali. Kila nyumba ilipata kilo mbili na kitu. Kichwa na miguu vilichomwa manyoya, vikachemshwa supu kwenye sufuria moja kubwa uani. Matumbo yakawa mutura, na watoto wa ploti nzima walikula wakiwa wamezunguka jiko. Unga wa chapati, mchele, mafuta na viungo vilimla 900. Nguo za watoto alizipata Gikomba kwa 400. Hakugusa kamera, zile nguo za kwanza kuchaguliwa bando likifunguliwa. Alisubiri jioni wauzaji waliposhusha bei. Zikabaki 300 za matembezi.

Nauli nayo huumiza wengi kuliko nyama, na hapo nimeungua mwenyewe. Mwaka 2014 nilipeleka familia magharibi tarehe 23 Desemba. Kiti cha 1,000 kilikuwa kimefika 2,500, na tulikuwa wanne. Ya kurudi sikuwa nimeitenga kabisa. Nilikopa kwa simu ili watoto wawahi shule. Chukua mkopo wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi: ukikopa 10,000 unarudisha 10,750, na ukichelewa wengine wanakuongezea ada nyingine kama hiyo. Hiyo 750 ya kwanza tu ni karibu kilo ya nyama. Kama lazima uende nyumbani, ondoka kabla ya tarehe 18, au ngoja Krismasi ipite, na nauli ya kurudi ikae mbali na mkono wako. Wa Mombasa wawahi tiketi za treni, kwa sababu zikiisha ndipo mtu huangukia basi la bei ya msimu.

Halafu kuna wale wanaokungoja kijijini. Swali la "umetuletea nini kutoka Nairobi?" limewaingiza watu wengi kwenye deni kuliko sherehe yenyewe. Piga simu Novemba, useme kwa heshima: "Mama, mwaka huu nakuja na sukari, majani ya chai na mafuta. Pesa sina." Mzazi akiambiwa mapema haoni aibu mbele ya majirani, na wewe huoni aibu mlangoni pake. Nimeona watu wakikosa kwenda kwao miaka mitatu kwa kuogopa simu hiyo moja, na inaniuma kila mara.

Ukibaki mjini, barabara ni tupu na jiji linapumua. Bustani ya Jeevanjee ipo katikati ya mji tangu 1906 na huingii kwa tiketi. Yule mama wa Umoja aliwapeleka wanawe pale tarehe 26, wakiwa na chapati zilizobaki kwenye mkebe na chai ya maziwa kwenye thamosi. Zile 300 zikatosha nauli, na peremende juu.

Januari tarehe 6 nilimwona kwenye foleni, nikashtuka. Alipofika mezani alitoa noti ya 200 na bahasha mpya ya kaki. Hakutaka mkopo. Alitaka tumfungulie akiba ya kila mwezi hadi Desemba, na juu ya bahasha alikuwa ameshaandika: mbuzi.