Kabla ya kuwasha mashine ya boti nyumbani, hakikisha inapata maji

Kusi likivuma na bahari ikachafuka, mashine nyingi za boti hutolewa dikoni zikapelekwa nyumbani. Ua unageuka karakana: mashine imeegemezwa ukutani, watoto wamezunguka, na mwenyewe anavuta kamba "asikie mlio tu". Mlio huo wa muda mfupi, mashine ikiwa kavu, ndio chanzo cha uharibifu mwingi tunaokutana nao katika kitengo chetu cha mafunzo ya ufundi, na ni uharibifu unaozuilika kwa pipa moja la maji.

Mashine hii haina rejeta kama gari. Inapoozwa na maji yale yale iliyotumbukia. Ndani ya mguu wake, juu kidogo ya giaboksi, kuna impela ya mpira yenye mapezi, nayo huzunguka kila injini inapozunguka, hata gia ikiwa nyutro. Maji inayoyavuta ndiyo pia yanayoilainisha. Ikizunguka kavu, mpira unasugua chuma, unapata moto, na mapezi yanaungua au kukatika kabla hata dakika moja haijaisha. Vipande vyake hupanda na kuziba njia za maji kichwani mwa injini. Hapo utanunua impela mpya, mashine itachemka tena, na utamlaumu bure aliyekuuzia kipuri.

Basi tafuta pipa la lita 200 lililokatwa mdomo. Mashine usiitundike kwenye ukingo wa pipa lenyewe. Hata ile ndogo ya nguvu farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na inapotikisika pipa huweza kupinduka. Simamisha nguzo mbili imara zenye ubao mnene kama wa tezi ya boti, kaza vibano vyote viwili, kisha ifunge kwa mnyororo au kamba nene. Vua rafadha, lile panga linalosukuma boti, na uhifadhi pini na washa zake pamoja. Gia ikiingia kwa bahati mbaya, rafadha hurusha maji yote nje, na inaweza kukata mkono wa mtu. Halafu jaza maji baridi mpaka yapite lile bamba lililo juu ya rafadha kwa shubiri moja hivi, kwa sababu impela iko juu ya bamba hilo.

Wapo wanaotumia vikombe vya mpira vinavyobanwa kwenye matundu ya kuvutia maji na kuungwa na mpira wa bomba. Vinafaa, ila bomba lifunguliwe kwanza ndipo injini iwashwe. Kwenye mitaa ambayo maji ya bomba hutiririka kwa unyonge, mimi napendekeza pipa.

Ukiwasha, jicho liwe kwenye tundu linalotoa maji nyuma ya mashine, lile ambalo wavuvi husema mashine "inakojoa". Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingi tundu limezibwa na chumvi, mchanga, au udongo wa nyigu waliojenga humo mashine ikiwa imelala. Zibua kwa mshipi mnene wa kuvulia. Likiwa wazi na maji bado hayatoki, impela ikaguliwe kabla ya jaribio lingine. Maji yanayotoka yanapaswa kuwa ya uvuguvugu. Yakiunguza kidole, kuna mahali pamekwama.

Kazi hii ifanyike nje, mahali penye upepo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunusika, na banda lenye mlango mmoja linatosha kumuua fundi na msaidizi wake. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Usivute petroli kwa mdomo. Ukipima cheche, plagi iguse chuma cha injini mbali na tundu lake, maana mvuke hutokea humo. Kofia ya mashine ikiwa imefunuliwa, kanga, shuka, mtandio na nywele ndefu vikae mbali na flaiwili, lile gurudumu linalozunguka juu ya injini. Kamba ya kuzimia injini ivaliwe mkononi hata kama mashine iko uani.

Kwa mashine ya stroki mbili, ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, mchanganyiko ndio uhai wake. Nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, lakini kijitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3, si ya pikipiki.

Sasa sailensa, yaani mzunguko wa chini wa injini bila kuongeza mafuta. Iache injini ipate joto kwanza. Funga skrubu ya mchanganyiko ya kabureta polepole mpaka injini ianze kusitasita, kisha ifungue taratibu mpaka itulie, na uongeze kidogo tu. Hapa wengi hukosea kwa kubana matumizi. Wanaifunga ili mashine "isile mafuta". Katika stroki mbili oili huingia pamoja na petroli, hivyo ukiinyima mafuta umeinyima na kilainishi, na pistoni huungua. Ikikohoa kupitia kabureta, imenyimwa. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia nyepesi, uko vizuri. Nyeupe ni dalili ya joto kali au mafuta machache, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi mno.

Usipige resi kubwa ndani ya pipa. Injini isiyo na mzigo hupanda mizunguko kupita kiasi na kuvunja mikono ya pistoni. Tena baada ya dakika kumi hivi maji ya pipa yamejaa moto na mapovu ya moshi, na injini huanza kuvuta moshi wake yenyewe. Itasitasita, nawe utahangaika na skrubu isiyo na kosa. Zima, badilisha maji. Yale ya zamani yana oili, usiyamwage karibu na kisima wala ufukweni.

Pipa linakuonyesha kama maji, cheche na mafuta vipo. Marekebisho ya mwisho hufanywa majini, rafadha ikiwa imerudishwa na boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, iwe dikoni Kilwa au mwaloni Ukerewe. Nendeni wawili, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, makasia yawemo, na msiende mbali na pwani. Iingize gia mbele kwa sailensa. Ikizimika kila ukiingiza, ongeza sailensa kidogo kidogo. Gia ikiingia kwa kishindo, sailensa iko juu mno, ishushe kabla meno hayajalika.