Kwa nini gokati ya mashindano haina mkanda

Wazazi wengi huamini kwamba gokati (kigari kidogo cha mbio) isiyo na mkanda wa usalama haimfai mtoto. Hofu hiyo inaeleweka, maana kwenye gari la kawaida mkanda huokoa maisha. Ila gari lina bodi na paa vinavyomkinga aliyefungwa ndani. Gokati ya mashindano ni fremu ya chuma iliyo wazi, imelala karibu kabisa na ardhi. Ikipinduka, mtoto aliyefungwa hubaki chini yake, kichwa na shingo vikibeba uzito. Asiyefungwa ana nafasi ya kutoka. Zile za kukodi zenye nguzo ya kukinga kichwa ni jambo jingine: hizo huwa na mkanda, na lazima ufungwe.

Kinachomshika dereva ni kiti. Kumpa mtoto kiti kipana cha mtu mzima ni kosa kubwa, nalo hupuuzwa mno. Kiti chake kimbane mbavuni bila kumuumiza, na miguu ifike kwenye breki bila kujinyoosha. Helmeti imkae sawasawa, isiwe nzito, kwani shingo yake bado changa. Nywele ndefu zifungwe vizuri. Skafu aiache kabisa, isije ikanaswa na ekseli, yaani chuma cha magurudumu kinachozunguka nyuma yake.