Chupa tupu za jemu: kazi inaanzia kwenye karai, si kwenye rangi

Juzi dada mmoja wa mtaa wa pili aliniletea chupa mbili amezifunga kwenye mfuko wa nguo. Zilikuwa za siagi ya karanga, zile za mdomo mpana, amezipaka rangi ya samawati na kuzichora vidoto vyeupe kwa ncha ya kijiti. Mkono wake ni mzuri kweli. Lakini rangi ilikuwa inabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. "Dada, nimekosea wapi?" Nikaokota kipande kimoja cha rangi, nikakigeuza, nikamwonyesha upande uliokuwa umegusa kioo: alama ya kidole gumba, imetulia pale, mistari yote inahesabika.

Nimefanya kazi hii hapa Tanga miaka kumi na moja sasa, na swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Watu huniuliza rangi gani, gundi gani, kamba ya duka gani. Karibu hakuna anayeuliza chupa inaoshwaje. Na mimi nawaambia kwa moyo wangu wote kwamba robo tatu ya kazi ya chupa iko kwenye karai la maji.

Nililijua hilo kwa hasara. Mwaka wangu wa pili nilipewa kazi ya chupa 40 za maua ya mezani kwenye harusi. Ilikuwa masika. Niliziosha kwa sabuni ya unga, nikazifuta kwa kanga kuukuu, nikapaka rangi ya maji, ileile ya kupakia ukuta, kwa sababu ilikuwa imebaki ndooni. Zilipendeza mno siku ile. Ukumbini watu walizishika, maji yakamwagika kidogo, na kabla bibi harusi hajaingia vitambaa vyeupe vya meza vilikuwa na madoa ya kijani. Nilirudisha fedha yote, na wiki ile sikushika brashi.

Kosa lilikuwa kutokujua nini ninachokipaka. Kioo cha chupa za vyakula hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Mchanga peke yake unataka joto la nyuzi 1,700 hivi ndipo uyeyuke. Magadi ndiyo hulishusha joto hilo, na chokaa huzuia kioo kisije kikalika kwa maji. (Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, kule Kenya, sehemu yake kubwa huenda kwenye viwanda vya kioo. Kila nikishika chupa naikumbuka safari hiyo.) Kinachotoka tanuruni ni kitu kisicho na tundu hata moja. Ukuta unakunywa rangi. Plasta ina vinyweleo, rangi inazama na kushika. Kioo hakinywi. Rangi inakaa juu yake tu, na kikiwepo kitu chochote katikati, mafuta ya vidole, ukungu wa sabuni, unyevu wa masika, basi rangi imekishika kitu hicho, haikukishika kioo.

Kwa hiyo tuanze na karai.

Lebo kwanza. Loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, si maji ya moto. Kioo hutanuka kinapopata joto, na chupa ya baridi ikimiminiwa maji yanayochemka, upande wa ndani unatanuka wakati wa nje bado umelala. Hapo ndipo inapopiga ule mlio mdogo na ufa kuzunguka kitako. Baada ya saa moja lebo ya karatasi inatoka yenyewe. Kama gundi yake ni ya maji, inatoka pamoja nayo. Kama chupa imebaki inanata, hiyo ni gundi ya aina nyingine, na maji hayaiwezi hata ukiiloweka mpaka kesho. Inataka mafuta. Mimi huchukua majivu ya jikoni, nayachekecha kwa chujio la chai mpaka yawe laini kama poda, nayachanganya na mafuta ya kupikia kidogo, napaka pale panaponata na kuacha nusu saa, kisha nasugua kwa dodoki. Mafuta ya taa nayo hufanya kazi hiyo haraka, ila harufu yake utaiosha mara tatu.

Usitumie stili waya. Mikwaruzo yake huioni mchana, lakini ukiwasha taa ndani ya chupa inajitokeza yote, halafu mkwaruzo ni mlango wa ufa.

Chupa za achari na za vitunguu saumu zina shida yao: kioo hakishiki harufu, kifuniko ndicho kinachoishika, kwenye ule utepe laini wa ndani unaoziba mdomo. Watu wanaosha chupa mara kumi bure. Tenga vifuniko, vianike juani siku mbili tatu vikitazama juu, na vikikaidi achana navyo. Huku pwani hewa ya chumvi itavila kutu hata hivyo.

Sasa kipimo ninachomfundisha kila anayekuja kwangu, na sikubali ashike brashi kabla hajakiona kwa macho yake. Ukishaosha na kusuuza, ishike chupa kwa kitako, imwagie maji safi ubavuni, uyatazame. Maji yakitandaa na kuteremka kama shuka moja jembamba, kioo ni kisafi. Yakijikusanya matone matone, au yakapasuka mahali na kuacha kisiwa kikavu, kuna mafuta pale. Rudi kwenye sabuni. Ikipita kipimo, iache ikauke yenyewe ikiwa imepinduliwa, kisha ifute kwa pamba yenye spiriti, na kuanzia hapo usiiguse ubavuni tena. Ingiza vidole viwili ndani ya mdomo, uvipanue kidogo, uibebe hivyo. Wanafunzi wangu huniona nina wasiwasi mwingi mpaka siku wanaporudi na chupa ya miezi sita ambayo rangi yake haijatikisika.

Rangi yenyewe iwe ya mafuta, uizimue kwa tina kidogo, upake mkono mwembamba kiasi kwamba bado unaona kioo nyuma yake. Iache siku nzima. Masika iache siku mbili. Kisha mkono wa pili. Ikishikika haina maana imekomaa: nisingeiosha chupa hiyo kabla ya wiki tatu. Na rangi isivuke kwenda mdomoni wala ndani, maana mtoto wa nyumba hatajua kwamba hiyo si chupa ya kunywea.

Nimesema mengi ya rangi, lakini nikiri kwamba mimi mwenyewe siku hizi naipaka kidogo sana. Chupa ikifunikwa yote kwa rangi, ungeweza kutumia kopo la maziwa ya unga na macho yasione tofauti. Kioo kina kazi moja ambayo bati haliiwezi: kupitisha mwanga. Watu wa pwani hii walilijua jambo hilo la chombo na mwanga zamani. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, yale matundu ya ukutani yaliyopangwa safu juu ya safu, na ndani yake mabakuli na sahani kutoka ng'ambo yakiwekwa yapokee mwanga unaoingia kutoka uani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya kale yana nguzo ambazo wajenzi walizipachika mabakuli ya Kichina. Chombo cha kulia, kilichotoka mbali, kinapewa mahali pa heshima na kazi mpya. Ninapoweka chupa ya jemu kwenye kidaka cha sebule ya mteja sioni kwamba naiga mtindo wa mtandaoni.

Ndiyo maana kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya wavu. Nilifundishwa na mzee mmoja mshona nyavu pale Deep Sea, soko la samaki. Nilimwamkia shikamoo, nikaomba nikae pembeni nitazame, akacheka: "Mwanangu, chupa nayo inavuliwa?" Lakini aliniachia nafasi kwenye mkeka wake asubuhi tatu mfululizo.

Hufanyika hivi. Funga kamba nyembamba ya mkonge shingoni mwa chupa, chini ya pale kifuniko kinapofungia. Kwenye kamba hiyo ning'iniza nyuzi nane, kila moja ikunjwe katikati ili iwe na miguu miwili. Chukua mguu mmoja wa uzi huu na mguu mmoja wa jirani yake, fundo. Endelea kuzunguka. Mstari wa pili unachukua miguu iliyoachana, na jicho la wavu linafunguka. Siri ya mzee ni kwamba hakuwa anakisia ukubwa wa jicho. Alikuwa na kipande cha ubao chenye upana wa vidole viwili, anakipitisha chini ya uzi, anakaza fundo juu yake, anakichomoa. Kila jicho sawasawa na mwenzake. Mimi nilikuwa naamini macho yangu, na nyavu zangu za mwanzo zote zilikuwa zimelala upande. Kitakoni kusanya miguu yote, ifunge pamoja, ikate. Weka ndani kitaa kidogo cha betri au cha sola, zima taa ya sebule, na utaona ukuta mzima umechorwa wavu.

Wengine wanapenda kamba iliyoviringishwa chupa nzima, na kwa chombo cha kuwekea miiko ya jikoni inafaa. Hesabu kabla ya kwenda dukani. Chupa yenye upana wa sentimita 7 ina mzunguko wa sentimita 22. Kamba ya unene wa milimita 4 inataka mizunguko 25 kufunika kimo cha sentimita 10. Zidisha: mita tano na nusu. Ongeza nusu mita ya kuanzia na kumalizia. Na kamba iwe kavu kabisa. Mkonge ukilowa hunenepa na kujivuta, ukikauka hulegea. Ukiviringisha kamba yenye unyevu, wiki ijayo mizunguko inateremka kama soksi kuukuu. Gundi weka kwenye mizunguko miwili ya mwanzo na miwili ya mwisho, na mstari mmoja wa kusimama mgongoni. Gundi ya moto, ile ya bunduki, hushika haraka lakini jua la dirishani huilegeza kwenye kioo. Gundi nyeupe ya mbao huchelewa, ila ndani ya nyumba hudumu, mradi isilowe.

Kwa vipande vya kanga natumia gundi ya nyumbani: unga wa muhogo vijiko viwili kwenye kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha weka motoni ukiendelea kukoroga mpaka iwe uji unaong'aa. Ikipoa, paka chupa, laza kitambaa, kisha paka tena juu. Pindo la kanga hukaa vizuri kuliko mji, kwa sababu michoro yake ni midogo na inajirudia. Kama unataka jina lisomeke, tafuta kanga yenye maneno mafupi. "Wema hauozi" linaingia kwenye chupa moja bila kujifunika. Malizia kwa vanishi, lazima, maana uji wa muhogo ni chakula na mende wanakijua.

Sasa la moto. Mshumaa usiuweke kwenye chupa iliyovishwa kamba au kitambaa, hata kama picha uliyoiona ilikuwa nzuri. Chupa ya mshumaa iwe tupu, ya mdomo mpana, na chini yake mchanga mkavu wa vidole viwili ili mwali usikifikie kitako. Ikiwa na ufa au mkwaruzo mrefu, usiitumie. Na ile njia ya kukata chupa kwa uzi uliolowekwa mafuta ya taa, unawasha halafu unatumbukiza kwenye maji baridi: nimeijaribu, na kioo kilipasuka kilivyotaka chenyewe, si nilivyotaka mimi. Chupa ya jemu ina mdomo tayari. Sioni sababu ya kuikata.

Mnaopanda maua ndani ya maji, mwageni na kubadili maji mara mbili kwa wiki, na chupa zilizoko barazani zipinduliwe zikiwa hazina kazi. Mbu wa dengue anataga kwenye maji kidogo tu yaliyotulia, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019. Pambo lisiwe zizi la mbu.

Yule dada wa chupa za samawati tulikaa naye uani jioni ile. Tulizikwangua zote mbili kwa ukucha na mafuta, tukazisugua, akamwaga maji ubavuni. Yalipasuka matone. Akarudi kwenye sabuni bila mimi kusema neno. Mara ya tatu yalitandaa, akaishika ile chupa kwa vidole viwili ndani ya mdomo, akaniuliza kama anaweza kuacha nusu ya juu bila rangi ili mwanga upite. Zimekauka tangu Alhamisi, na kesho anakuja kupaka mkono wa pili.