Libya vipande vitatu: dhana potofu kuhusu mgawanyo uliokwama mwaka 1949

Chukua kura 50, uzigawe mafungu matatu sawa, kisha ubebe mafungu mawili. Unapata kura 33 na theluthi. Kwa kuwa hakuna mjumbe anayenyoosha theluthi ya mkono, lazima uwe na 34. Mei 1949, huko Flushing Meadow, New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura ibara ya kuikabidhi Italia eneo la Tripolitania, yaani Libya ya magharibi. Ndiyo zilikuwa 33, hapana 17, na wajumbe 8 hawakuegemea upande. Ibara ikaanguka.

Ibara hiyo ilitoka kwenye mpango wa Ernest Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na mwenzake wa Italia, Carlo Sforza. Libya ilikuwa koloni la Italia hadi vita ilipowang'oa Waitalia mwaka 1943. Sasa igawanywe: Waingereza wabaki mashariki, Cyrenaica, ambako wenyeji hukuita Barqa, Wafaransa wabaki kusini, Fezzan, Waitalia warudi Tripoli. Wote watatu wangekuwa wadhamini kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kama Uingereza ilivyokuwa Tanganyika wakati huohuo.

Wapenzi wa mchezo wa "ingekuwaje" wanaipenda mno kura ile, na mimi ni mmoja wao. Shida ni kwamba mengi yanayojengwa juu yake yana msingi mbovu.

Dhana: Mtu mmoja kutoka Haiti aliiokoa Libya

Huyu ndiye kipenzi cha wasimulizi. Émile Saint-Lot, seneta na mjumbe wa Haiti, alisema hapana, na kwa tofauti ya kura moja Tripoli ikaponea chupuchupu. Hesabu kweli ilimwangukia yeye. Tena ni kali kuliko inavyosimuliwa. Kwa kanuni za Baraza Kuu, asiyeegemea upande hahesabiwi kuwa amepiga kura. Saint-Lot angejikalia kimya, zingekuwa 33 kwa 16, jumla 49, na theluthi mbili ya 49 haifiki hata 33. Ibara ingepita. Hakuhitajika kusema ndiyo. Kunyamaza tu kungetosha.

Lakini hapana zilikuwa 17. Mtoe yeyote kati yao, awe Mwarabu, Mwasia au wa kambi ya Kisovieti, na matokeo ni yaleyale. Haiti inakumbukwa kwa sababu haikutarajiwa, si kwa sababu kura yake ilikuwa nzito kuliko za wengine.

Halafu kuna sehemu ambayo wasimulizi huiruka. Mpango ulipigiwa kura kipande kwa kipande, na ibara ya Waingereza kushika Cyrenaica ilipita. Ya Wafaransa kushika Fezzan ikapita pia. Kwa muda mfupi wa jioni ile, mgawanyo ulikuwa umeshapata theluthi mbili kwa sehemu mbili kati ya tatu! Kilichouzika ni kura ya mwisho, ya mpango mzima: 14 waliunga mkono, 37 walikataa.

Wengi waligeuka vipi? Nchi za Amerika ya Kilatini zilikuwa takriban 20 kati ya wanachama 59, na nyingi zilikuwa na wahamiaji wa Kiitalia wasiohesabika. Zilikubali kuwapa Waingereza na Wafaransa fungu lao ili Italia nayo ipate lake. Italia ilipotoka mikono mitupu, hazikuona sababu ya kuendelea kulipa. Ulikuwa mchezo wa kupeana, na mmoja alipokosa chake, wote wakakosa. Saint-Lot alivuta uzi. Shati lilikuwa limeshonwa vibaya tangu mwanzo.

Dhana: Libya ilikuwa nchi moja, wakubwa wakataka kuikata

Ilikuwa imeshakatwa. Chukua mfanyabiashara wa tende anayetoka Sabha, kule Fezzan, mwaka huo wa 1949. Nyumbani anauza kwa faranga za Algeria, kwa sababu jeshi la Ufaransa lililopanda kutoka Chad wakati wa vita, chini ya Jenerali Leclerc, halijaondoka. Akifika Tripoli analipwa lira zilizochapishwa na utawala wa kijeshi wa Uingereza. Akiendelea hadi Benghazi, ambako pia ni Waingereza, lira zile hazina kazi: huko wanatumia pauni za Misri. Tende zilezile, mifuko mitatu ya pesa. Pauni ya Libya ilikuja mwaka 1952, baada ya uhuru.

Njiani kati ya Tripoli na Benghazi angepita chini ya tao kubwa ambalo gavana Italo Balbo alilijenga mwaka 1937 kwenye mpaka wa kale wa magharibi na mashariki. Askari wa Kiingereza walilibandika jina la Marble Arch, kama lile la London. Balbo huyohuyo ndiye aliyetawala Libya tangu 1934, Italia ilipounganisha makoloni yaliyokuwa mbalimbali. Ninaona kichekesho hapo: mtawala wa kuunganisha anajenga mnara mahali pa kutenganisha.

Kutokana na haya, wengine huruka hadi upande wa pili na kudai kwamba Libya ni kitu kilichobuniwa na Waitalia, wenyeji wenyewe hawakuwahi kuwaza umoja. Hilo nalo halisimami. Mwaka 1922, miaka 12 kabla ya Italia kuunganisha makoloni yale, viongozi wa Tripolitania walimpelekea Idris, mkuu wa tarika ya Sanusiya huko mashariki, kiapo cha utii wakimtaka awe amiri wao pia. Idris alikubali, kisha akakimbilia Misri, Waitalia wakiwa nyuma yake. Umoja ule haukufika popote, lakini wazo lilikuwa la kwao.

Dhana: Waliipigania kwa sababu ya mafuta

Hapana. Hifadhi kubwa ya mafuta ya Zelten iligunduliwa 1959, na meli ya kwanza ikapakia Marsa Brega mwaka 1961. Libya ya 1949 ilikuwa na watu kama milioni moja, wengi mno hawajui kusoma, na miongoni mwa bidhaa zake kuu za kuuza nje kulikuwa na vyuma chakavu: vifaru, malori na magamba ya mizinga vilivyoachwa jangwani na majeshi ya majenerali Rommel, Mjerumani, na Montgomery, Mwingereza.

Uingereza ilitaka viwanja vya ndege na kambi karibu na Mfereji wa Suez. Marekani ilikuwa na uwanja wake wa Wheelus nje ya Tripoli. Ufaransa ilikuwa na hofu kubwa zaidi ya kila mtu: Mwarabu akipata uhuru Tripoli, wa Tunis na wa Algiers atauliza yeye ana kasoro gani. Hata Wasovieti, mwaka 1945, waliwahi kuiomba Tripolitania wao wenyewe. Hakuna aliyekuwa akinusa petroli.

Dhana: Waingereza walikuwa upande wa Waarabu

Januari 1942 Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba Wasanusi wa Cyrenaica hawatarudishwa tena chini ya Italia kwa hali yoyote. Soma ahadi hiyo taratibu. Ni ya Cyrenaica peke yake. Tripoli haimo, na hiyo ndiyo nafasi aliyopitia Bevin miaka saba baadaye.

Dhana: Ungekuwa mgawanyo wa milele

Kwa maandishi, ilikuwa miaka kumi. Waingereza wangeendelea kushika Tripoli hadi mwisho wa 1951, Italia ingepokea, na baada ya miaka kumi Libya nzima ingekuwa huru, endapo Baraza Kuu lingeona inafaa. Neno "endapo" lilikuwa na uzito wake, maana waliokuwa wakipiga kura walijua udhamini mwingine ulivyokuwa hauna haraka ya kwisha.

Hesabu sasa: kumi juu ya 1949 ni 1959. Mwaka uleule wa Zelten. Hapa ndipo mchezo wa "ingekuwaje" unapokuwa na utamu, na ndipo watu wengi hukosea.

Dhana: Kura ya 34 ingezaa nchi tatu tulivu

Wanaochora ramani hizo mbadala huipa kila sehemu bendera yake, wakaenda kulala. Mimi nadhani shida ingeanza siku ya kwanza Tripoli. Habari za mpango zilipofika huko Mei ile, watu walijaa mitaani na maduka yakafungwa, na vyama vilivyokuwa havielewani vikasimama pamoja. Waitalia wapatao elfu arobaini walikuwa bado wanaishi magharibi, wengi kwenye mashamba yaliyopatikana kwa kuwahamisha wenyeji. Kumbukumbu ya Omar al-Mukhtar, kiongozi wa mapambano dhidi ya Waitalia aliyenyongwa mbele ya watu wake mwaka 1931, ilikuwa na umri wa miaka 18 tu. Serikali ya Roma, maskini baada ya vita, ingelazimika kupeleka askari ili kuanza kazi ya "udhamini".

Umbali wa miaka mitano kutoka hapo kuna Novemba 1954, vita vya Algeria vinapoanza. Katika historia tunayoijua, Libya huru ilikuwa njia ya kupitishia silaha za FLN, chama cha wapigania uhuru wa Algeria, kutoka Misri. Katika ile mbadala njia hiyo inapita mikononi mwa Waingereza, Waitalia na Wafaransa, kwa zamu. Sidhani ingefungwa kabisa. Jangwa haliwekewi komeo. Ila Tripolitania yenyewe ingekuwa na sababu ya kuzitumia silaha hizo palepale kabla hazijafika Algeria.

Kisha linakuja suala la mali. Bandari kubwa za mafuta zimekaa kando ya Ghuba ya Sirte, visima vingi vikiwa jangwani kusini mwake, si mbali na lile tao la Balbo, pale mpaka ungepita. Mdhamini wa mashariki angekuwa na mafuta, wa magharibi angekuwa na watu, kwani takriban theluthi mbili ya Walibya waliishi Tripolitania. Maji nayo? Tripoli ya leo inategemea maji ya chini ya ardhi yanayosafirishwa kwa mabomba makubwa kutoka milima ya Fezzan. Hebu mwombe gavana wa Kifaransa akufungulie bomba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotazama mapigano ya baada ya 2011 na kusema, "Si mnaona, Bevin alikuwa sahihi." Walipopigana wanamgambo wa miji ya Misrata na Zintan mwaka 2014, wote walikuwa wa Tripolitania ileile. Mistari ya 1949 haikuwatenganisha.

Dhana: Uhuru ulifuta mgawanyo

Novemba 1949 Baraza Kuu liliamua Libya iwe huru si baada ya 1 Januari 1952, likamtuma Mholanzi Adriaan Pelt kusimamia. Katika bunge la kuandika katiba, kila jimbo lilipewa viti 20. Fezzan yenye watu elfu hamsini na kitu sawa na Tripolitania yenye mara kumi na zaidi ya hao! Tripoli ilinung'unika, mwanasiasa wake Bashir al-Saadawi akapiga kelele, lakini bila masharti hayo mashariki isingeingia. Idris alikuwa ameshatangaza uamiri wa Cyrenaica tarehe 1 Juni, majuma mawili tu baada ya kura ya New York, Waingereza wakimpigia makofi. Tarehe 24 Desemba 1951 akawa mfalme wa shirikisho lenye majimbo matatu na miji mikuu miwili, Tripoli na Benghazi. Shirikisho lilidumu hadi 1963. Askari wa Kifaransa walitoka Fezzan mwaka 1956.

Dhana: Maandamano ndiyo yaliyomzuia Mwitalia kurudi

Ningependa iwe hivyo. Lakini mpango wa Bevin na Sforza ulikuwa na ibara nyingine, ya Italia kurudishiwa Somalia. Wasomali walikuwa wameshasema neno lao: Januari 1948, tume ya mataifa manne ilipofika Mogadishu kuuliza maoni yao, ghasia zilizuka na Waitalia zaidi ya 50 wakauawa. Mei 1949 ibara hiyo nayo haikufika theluthi mbili.

Novemba ilirudishwa mezani. Azimio lilelile lililoipa Libya tarehe ya uhuru liliiweka Somalia chini ya Italia kwa miaka kumi. Aprili 1950 Waitalia walipokea utawala Mogadishu, na Wasomali wakaanza kuhesabu hadi 1960.