Injini Haina Saa Tumboni

Jumamosi nimelisikia tena lile dai kwamba injini ya ndege ikipita dakika tano kwenye nguvu zote, inakufa. Mpwa wangu alikuwa kwenye kibanda cha michezo ya kompyuta hapa Malindi, anarusha ndege ya vita ya Mustang na adui yuko mkiani. Mara propela ikasimama. "Mjomba, dakika tano zimekwisha, injini imekufa!" Wenzake wakaitikia: ndiyo, dakika tano. Nilipobisha akanitolea ushahidi. Kitabu cha rubani wa ndege ile kinaruhusu presha ya manifoldi, yaani ya hewa inayoingia kwenye silinda, ya inchi 67 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5. Kitabu kimesema, mjomba abishe nini?

Kitabu kimesema kweli. Mchezo ndio uliokisoma vibaya, na vijana wanausoma mchezo.

Kazi yangu ni injini za pistoni, hasa za Cessna 206. Injini yake, IO-520-F, nayo ina dakika zake 5: nguvu za farasi 300 kwa mizunguko 2,850 wakati wa kuruka, kisha unashuka hadi 2,700, farasi 285, na hapo unakaa utakavyo. Nimeshazifungua nyingi. Ndani mna pistoni, valvu, beringi na oili. Saa sijaikuta.

Hizo dakika zinatokana na majaribio. Kanuni za Marekani za leo zinataka injini ya aina hii iendeshwe saa 150 juu ya kitanda cha majaribio. Ndani ya hizo kuna saa 30 za kupokezana: dakika 5 nguvu zote, dakika 5 nguvu za safari, dakika 5 nguvu zote tena. Piga hesabu. Injini ile ile imekula saa 15 za nguvu zote, halafu inafunguliwa na kupimwa kipande kwa kipande. Ikifaulu, mtengenezaji anaandika dakika 5 kwa sababu ndivyo alivyojaribu, na hapo ndipo yuko tayari kuisimamia. Hakuandika kwamba dakika ya sita ni kifo.

Ushahidi wa vita ni mzito zaidi. Merlin 66, injini ya ndege ya vita ya Kiingereza Spitfire, ilikuwa na kikomo cha ratili 18 za presha ya ziada. Mwaka 1944 Waingereza walipopata petroli ya daraja 150, wakaipandisha hadi ratili 25, pamoja na marekebisho machache. Kama chuma kilikuwa kimefika ukingoni kwenye 18, ingewezaje kubeba 25? Kilichokuwa ukingoni ni mafuta. Petroli duni ikibanwa sana ndani ya silinda iliyo moto hulipuka yote kwa mpigo mmoja badala ya kuungua taratibu, ndiyo sisi mafundi tunasema injini inagonga. Kugonga huko hakuhesabu dakika. Kukija kwa nguvu, hutoboa pistoni mara moja. Kusipokuja, injini itavuka dakika tano na kuendelea, imechakaa zaidi lakini inazunguka.

Ndiyo maana kwenye Mustang mkono wa throto, ule wa kuongezea nguvu, ulizuiwa kwa waya mwembamba. Rubani akizidisha, waya unakatika, na fundi akiukuta umekatika anajua kuna injini ya kukaguliwa. Waya ule ulikuwa barua kutoka kwa rubani kwenda kwa fundi. Mchezo umeifuta barua hiyo na kuweka bomu la saa mahali pake.

Na linaloniudhi kupita yote ni hili: katika mchezo ule ukipunguza throto kwa muda, dakika zako zinarudi, kama betri ya simu iliyochomekwa kwenye chaji. Joto linarudi chini, naam. Beringi iliyolika hairudi. Ukingo wa pistoni uliomegwa hauoti tena kama kucha. Mchezo wa kweli ungeibeba injini ile ile kutoka pambano hadi pambano, na makovu yake yote, ili rubani aliyeinyanyasa Jumatatu aikute imechoka Alhamisi. Halafu injini mbili za aina moja zisingekufa kwa sekunde moja. Mimi sijapata kuona silinda mbili zikichakaa sawa, seuze injini mbili.

Mengine wameyapata vizuri. Merlin za mwanzo kukatika nguvu rubani anaposukuma pua chini ghafla, mpaka mhandisi Mwingereza Beatrice Shilling alipobuni kijipete chake cha kubana mafuta mwaka 1941, ni sahihi kabisa.

Lakini kuna kundi la pili, na hili ni la hatari. Ukiwaambia hakuna saa wanasema: basi vikomo vyote ni maneno matupu ya mtengenezaji. Hapana. Rubani mmoja kijana alihamia Pwani kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, futi elfu tano na mia tano juu. Kule, injini ikiwa imezimwa, geji ya manifoldi husoma karibu inchi 25. Hapa karibu 30. Kule hewa ni nyepesi, kwa hiyo mkono wake ulizoea kupunguza petroli kabla ya kuruka. Akaja akafanya vivyo hivyo usawa wa bahari, ndege imejaa, adhuhuri; petroli ikawa haba kwa hewa nzito ya huku, na silinda zikapata moto kupita kiasi. Alikuwa na saa ya mkononi na aliitazama vizuri. Hakuzifikia dakika tano. Kumbukumbu ya mitambo ilionyesha kwamba dakika ya tatu kichwa cha silinda namba tano kilikuwa kimeshavuka nyuzi 238, mstari mwekundu. Saa bado ilikuwa inamruhusu.

Nilikata filta ya oili, nikaikunjua karatasi yake juani. Ikametameta. Nikapitisha sumaku: vipande havikushtuka, navyo vikawa laini chini ya ukucha. Alumini. Tulipoivua silinda, ukingo wa pistoni ulikuwa umeliwa vidoti vidoti, kama mkate uliopitiwa na mchwa.

Na kwa kuwa nawadai wengine ukweli, nami niseme wangu. Miaka yote nimewaambia marubani wasifunge throto ghafla wakati wa kushuka, silinda zitapasuka kwa baridi ya haraka. Ndivyo nilivyofundishwa. Silinda zilizopasuka nimezishika, lakini kila nilipopekua historia ya injini nilikuta pia joto kali la muda mrefu kabla yake. Siku hizi nalisema onyo lile kwa sauti ya chini zaidi. Bado nalisema.

Pistoni ile nimeihifadhi. Jumamosi ijayo naipeleka kibandani, niiweke mezani kando ya kipanya, kila mmoja apitishe kidole kwenye ukingo wake kabla ya kushika throto. Mpwa wangu ameshaniuliza: kwenye Spitfire, geji ya joto iko upande gani?