Feng Yuxiang, "Jenerali Mkristo": yanayosemwa na yaliyotokea

Rais Yuan Shikai alipofariki Juni 1916, China ilibaki na rais, bunge na mawaziri mjini Beijing, ila amri ikawa ya mwenye bunduki. Kwa miaka 12 iliyofuata majenerali waligawana mikoa, wakapigana, wakapatana, wakapigana tena. Kati ya wababe hao wa kivita, Feng Yuxiang ndiye aliyeachiwa visa vingi vya kusimulia. Vingine ni vya kweli, vingine vimetiwa chumvi hadi haviliki. Mimi huona kwamba ukitaka kumwelewa, usianze na tabia yake. Anza na swali moja: mwezi huu, mishahara ya askari wake inatoka wapi?

"Aliwabatiza askari wake kwa mpira wa zimamoto"

Hiki ndicho kisa maarufu kuliko vyote. Jenerali anapanga kikosi mstari, anafungua maji, na jeshi zima linaokoka kwa dakika chache. Kinachekesha, ndiyo maana kimeishi. Lakini hakuna shahidi wa kuaminika aliyeona jambo hilo likitendeka, na kumbukumbu za wamisionari waliofanya kazi ndani ya jeshi hilo zinaonyesha utaratibu mwingine kabisa: mahubiri, mafundisho ya Biblia, kisha ubatizo wa makundi kwa mkono wa mchungaji. Mmoja wao alikuwa Jonathan Goforth, Mpresbiteri kutoka Kanada, aliyehubiri kambini mwa Feng na kubatiza mamia.

Feng mwenyewe alibatizwa mwaka 1914 katika kanisa la Methodisti la Beijing. Je, aliamini kweli, au alitafuta nidhamu ya bei nafuu? Sioni kwa nini iwe lazima kuchagua. Askari wake walikatazwa afyuni, kamari na malaya. Waliimba nyimbo za dini wakiwa safarini, walifundishwa kusoma, na walijifunza kushona viatu, kufuma na kutengeneza sabuni ili wakitoka jeshini wasigeuke wanyang'anyi. Katika nchi ambayo wanakijiji walikimbia porini wakisikia jeshi linakuja, mwanajeshi anayelipia kuku aliyemla lilikuwa jambo la kushangaza. Wageni waliandika sifa tele. Baada ya 1925, aliposhirikiana na Wasovieti, mahubiri yalififia na mafunzo ya siasa yakachukua nafasi yake, na baadhi ya wamisionari waliomsifu jana wakaanza kumlaani.

"Hawa walikuwa majambazi tu, siasa haikuwahusu"

Zhang Zuolin wa Manchuria kweli alianzia kwenye ujambazi. Feng hakupita huko. Alizaliwa 1882 mkoani Zhili (Hebei ya leo), mtoto wa askari wa cheo cha chini, akaandikishwa jeshini angali mtoto ili nyumbani kupatikane posho. Alipanda ngazi moja moja.

Na siasa iliwahusu sana. Mataifa ya nje yaliitambua serikali ya Beijing, na hiyo ndiyo iliyopewa ziada ya ushuru wa forodha na wa chumvi baada ya madeni ya nje kulipwa. Kwa hiyo hata jenerali aliyeiteka mikoa mitatu alitaka barua ya uteuzi yenye muhuri wa Beijing. Feng alikuwa gavana wa Shaanxi mwaka 1921 na wa Henan mwaka 1922, kote kwa uteuzi rasmi. Huyu hakuwa mtu aliyeishi nje ya dola. Alikuwa ndani, akivutana na wenzake juu ya nani aishike.

"Alikuwa msaliti wa kuzaliwa, anageuka kama kinyonga"

Wachina wenyewe walimpa jina la utani la jenerali ageuzaye silaha. Orodha ni ndefu, haifichiki. Mwishoni mwa 1911 alihusika na uasi wa Luanzhou dhidi ya utawala wa Qing, nasaba ya mwisho ya kifalme, akafukuzwa jeshini, kisha akarudishwa kazini na Lu Jianzhang, jamaa wa mkewe. Mwaka 1916 alitumwa Sichuan kumpigania Yuan Shikai, akaishia kufanya mazungumzo na adui. Februari 1918, akiwa njiani kwenda vitani kusini, alisimamisha brigedi yake Wuxue, mkoani Hubei, akatuma simu ya maandishi kutaka amani. Halafu likaja kubwa la 1924.

Lakini tazama ramani. Zhang Zuolin alikuwa na Manchuria na kiwanda cha silaha Mukden. Yan Xishan alikuwa na Shanxi, iliyozungukwa na milima, na kiwanda chake Taiyuan. Wu Peifu alikaa Luoyang akichuma mapato ya reli ya Beijing hadi Hankou. Feng hakuwa na mkoa wa kudumu, hakuwa na bandari, hakuwa na kiwanda cha silaha cha maana. Alikuwa na jeshi zuri lenye njaa, na wahenga walishasema njaa mwana malegeza.

Oktoba 1922 Wu Peifu, mkubwa wake katika kundi la Zhili (ushirika wa majenerali uliopewa jina la mkoa huo), alimwondoa Henan akampa cheo kizuri kwa jina, mkaguzi mkuu wa jeshi, na kumweka Nanyuan nje kidogo ya Beijing bila mkoa wa kumlisha. Mishahara ikawa ya kubahatisha. Juni 1923 maofisa wa Feng walikuwa miongoni mwa walioandamana hadi kwa Rais Li Yuanhong kudai malimbikizo, na Li akalazimika kuikimbia Beijing. Njia ikawa wazi kwa Cao Kun, kiongozi wa kundi la Zhili, aliyejinunulia urais Oktoba mwaka huohuo kwa kura zilizosemekana kugharimu yuani 5,000 kila moja. Feng hakupinga hata kidogo. Anayemchora kama mpenda katiba aliyechukizwa na rushwa aeleze kwanza mkono wake katika jambo hilo.

Septemba 1924 vita kati ya Zhili na Manchuria vikaanza upya. Wu Peifu alikwenda mwenyewe Shanhaiguan, penye reli na bahari. Feng akapewa njia ya Gubeikou kuelekea Rehe: milima, baridi, vijiji maskini, chakula cha kujitafutia. Feng aliona, na sidhani alikosea, kwamba ametumwa akamalizike huko. Alikuwa tayari ameshawasiliana na Zhang Zuolin, na fedha zilitembea. Usiku wa kuamkia Oktoba 23 alirudi kimyakimya, Sun Yue aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa mji akamfungulia malango, na asubuhi Beijing ilikuwa mkononi mwake bila mapigano makubwa. Cao Kun akafungiwa. Wu Peifu akapoteza vita akiwa mbele na nyuma, akatoroka kwa njia ya bahari.

Kwa hiyo msaliti? Ndiyo, kwa Wu alikuwa msaliti. Ila katika kizazi kile taja jenerali mmoja mkubwa aliyekufa na mshirika aliyeanza naye. Tofauti ya Feng ni kwamba kila alipogeuka aligeukia penye hazina au njia ya silaha, na kila mara mwenzake mpya alimpa pungufu ya alichotaraji. Baada ya 1924 Zhang Zuolin na Duan Qirui, waziri mkuu wa zamani, ndio waliokula matunda, naye akasukumiwa kaskazini-magharibi, Chahar na Suiyuan, makao yake makuu yakiwa Zhangjiakou, ukingoni mwa Mongolia.

Kulikuwa na kisasi pia, na hapo siwezi kumtetea kwa hesabu za mishahara. Lu Jianzhang, yule aliyemrudisha jeshini, aliuawa Juni 1918 na Xu Shuzheng, mtu wa karibu wa Duan. Mwishoni mwa Desemba 1925 Xu alikuwa akipita kwa treni katika eneo la Feng. Aliteremshwa Langfang, akauawa. Mwana wa Lu akatangaza kwamba amemlipia baba yake. Waliomteremsha garimoshini walikuwa watu wa Feng.

"Yeye ndiye aliyeumaliza ufalme China"

Ufalme ulikwisha Februari 12, 1912, Puyi, mfalme wa mwisho, alipojiuzulu kwa mapatano: abaki na cheo chake, akae ndani ya kasri, alipwe kila mwaka. Julai 1917 Jenerali Zhang Xun alimrudisha kitini kwa siku 12, na brigedi ya Feng ilikuwa kati ya vikosi vilivyolizima jaribio hilo. Alichofanya Feng Novemba 5, 1924 ni kumtoa Puyi nyumbani. Mapatano ya 1912 yalibadilishwa, cheo kikafutwa, na Lu Zhonglin, mmoja wa maofisa wake, akapelekwa na askari wachache kumwambia aondoke siku hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 10, 1925, kasri lilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na ndilo watalii wanalolitembelea hadi leo. Puyi alikimbilia kwa Wajapani, ambao mwaka 1932 walimtumia kama pambo la dola yao ya Manchukuo. Wapo waliomlaumu Feng kwa hilo. Naona lawama hiyo imepotoka njia.

"Alikuwa Mkomunisti" na "alikuwa kibaraka wa Chiang Kai-shek"

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinaulizwa juu ya miaka ileile miwili. Kuanzia 1925 bunduki na washauri wa Kisovieti walimfikia kupitia Mongolia, kwa malori yaliyokatiza jangwa la Gobi. Zhang Zuolin na Wu Peifu walipoungana kumpiga mwaka 1926, alijiuzulu kwa jina akaenda Moscow. Jeshi lake lilishikilia Nankou hadi Agosti, na hilo lilimfunga Wu kaskazini wakati jeshi la Kuomintang, chama cha wazalendo wa China, linapanda kutoka Guangdong. Watu husahau mchango huo. Septemba 17, 1926, mjini Wuyuan, Feng aliapa kujiunga na Kuomintang yeye na jeshi lake lote. Makada wa Kikomunisti walifanya kazi kwake. Deng Xiaoping, wakati huo kijana aliyetoka masomoni Moscow, alikuwa mmoja wao huko Xi'an mwanzoni mwa 1927.

Juni 1927 Kuomintang ilikuwa imepasuka, serikali moja Wuhan, nyingine ya Chiang, kamanda wa jeshi la chama hicho, Nanjing. Feng akakutana na wa Wuhan Zhengzhou, kisha na Chiang Xuzhou, zote ndani ya mwezi mmoja. Wuhan haikuwa na fedha. Chiang alikuwa na mabenki ya Shanghai, akaahidi ruzuku ya kila mwezi. Unajua alikoelekea. Lakini Chiang alikuwa amewachinja Wakomunisti Shanghai mwezi wa Aprili. Feng aliwaaga wengi wa kwake bila kuwaua, na Borodin, mshauri mkuu wa Kisovieti, alipita kwenye eneo lake akirudi Moscow na kupokewa kwa heshima.

Na Chiang? Ndoa ilidumu chini ya miaka miwili. Feng alitaka Shandong, hasa bandari ya Qingdao, akaona Nanjing inamzungusha. Mei 1929 akavunja uhusiano, na papo hapo Han Fuju na Shi Yousan, majenerali aliowalea mwenyewe, wakamhama kwa Chiang. Mwaka 1930 Feng, Yan Xishan na Li Zongren walimpiga Chiang katika vita vya Nyanda za Kati, zaidi ya askari milioni moja uwanjani. Septemba 18 Zhang Xueliang, mwana na mrithi wa Zhang Zuolin huko Manchuria, alitangaza kumuunga mkono Chiang, mchezo ukaisha. Feng hakupata tena jeshi la kumtikisa mtu.

"Angalau alikuwa mtu wa watu"

Alivaa sare ya pamba ya askari wa kawaida na kupanda lori badala ya gari la kifahari. Hiyo ni kweli, nayo ilipigwa picha vya kutosha. Waulize watu wa Gansu. Utawala wa maofisa wake huko ulikamua kodi, na jeshi lililokataza askari kuvuta afyuni likaishi kwa ushuru wa afyuni hiyohiyo. Masika ya 1928 Waislamu wa Hezhou waliasi chini ya kijana Ma Zhongying. Ukame na njaa vya 1928 hadi 1930 vilikuta maghala yameshakombwa.

Huko Henan alitwaa mahekalu ya Kibudha akayafanya shule na masoko. Hekalu la Xiangguo la Kaifeng likawa soko. Wapenzi wa filamu za kung fu wajue pia kwamba Shaolin iliyoungua Machi 1928 ilichomwa na Shi Yousan, ambaye wakati huo alikuwa jenerali wa Feng. Aliichoma akimwinda Fan Zhongxiu, mpinzani aliyekuwa na urafiki na watawa.

"Chiang alimuua"

Mei 1933 Feng alikusanya jeshi la kujitolea Zhangjiakou kupambana na Wajapani, likaitwaa Duolun mwezi wa Julai. Agosti alilazimika kulivunja, akibanwa na Wajapani upande mmoja na Nanjing upande mwingine. Baadaye alipewa umakamu mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi, kiti bila amri. Mwaka 1946 akaenda Marekani, rasmi kusoma masuala ya maji na mabwawa, akawa anamshambulia Chiang hadharani.

Mwaka 1948 alipanda meli ya Kisovieti Pobeda akirejea China upande wa Wakomunisti. Septemba 1, ikikaribia Odessa katika Bahari Nyeusi, moto ulizuka, akafa pamoja na binti yake mmoja. Uchunguzi wa Wasovieti ulisema filamu za sinema zilizokuwa melini ndizo zilizoshika moto, na filamu za zama zile kweli zililipuka upesi. Tuhuma dhidi ya Chiang zilisambaa haraka, hasa kwa kuwa kila mtu alijua jinsi wawili hao walivyochukiana. Ushahidi haujatokea.

Majivu yake yalizikwa mwaka 1953 chini ya mlima Taishan. Mkewe, Li Dequan, aliyenusurika katika moto ule, alikuwa waziri wa kwanza wa afya wa Jamhuri ya Watu wa China kuanzia 1949, akakaa katika wadhifa huo hadi 1965, muda mrefu kuliko Feng alivyowahi kudumu katika cheo chochote alichopewa na serikali yoyote.