Kwa nini jeni ya selimundu haikutoweka

Anayejifunza uteuzi asilia hufika mahali akauliza: kama wanaoshindwa kuishi na kuzaa huchujwa, mbona selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, upo hadi leo? Swali hilo liliwasumbua hata wanasayansi wenyewe, na jibu lake lilitoka kwenye damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Charles Darwin alipochapisha nadharia yake ya uteuzi asilia mwaka 1859 hakujua urithi unavyofanya kazi. Wengi waliamini sifa za baba na mama huchanganyika kwa mtoto kama maziwa kwenye chai. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha tatizo: kwa urithi wa namna hiyo, sifa mpya huzimuliwa kila kizazi mpaka ipotee, hata iwe na faida kiasi gani. Mtawa Gregor Mendel alikuwa ameshachapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, yakionyesha kwamba kinachorithiwa hubaki kizima, lakini kazi hiyo haikupewa uzito hadi 1900. Mwaka 1908 mwanahisabati Hardy na daktari Weinberg, kila mmoja kivyake, wakatoa kanuni ya kukokotoa jeni katika jamii nzima, na kuanzia hapo uteuzi ukawa jambo la kupigiwa hesabu.

Tuipige basi. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Tuseme nakala 1 kati ya 10 katika jamii ni ya selimundu. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, 81 watakuwa na nakala mbili za kawaida, 18 watabeba moja ya kila aina, na 1 atarithi mbili za selimundu, naye ndiye mgonjwa. Tukichukulia kwamba hakuna mgonjwa anayefikia umri wa kuzaa, kiwango cha jeni kitashuka kutoka 0.1 hadi 0.091 katika kizazi kimoja, na hadi 0.05 baada ya vizazi 10. Mabadiliko mapya ya jeni hutokea kwa nadra mno kuweza kuziba pengo hilo. Lazima kuna kitu kinachoirudisha.

Mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Karibu na pwani na Ziwa Victoria wabebaji walizidi 20%. Nyanda za juu hawakufika 1%. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria.

Kipimo chenyewe ni rahisi: tone la damu huchanganywa na sodiamu metabaisalfaiti ya 2% inayoondoa oksijeni, hufunikwa kwa kioo chembamba, kisha huangaliwa kwa hadubini kama chembe nyekundu zinapinda. Kemikali iliyokaa huharibika, na mbebaji ataonekana hana kitu. Tena kipimo hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 hakiaminiki, maana bado ana himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama.

Ushahidi kwamba wabebaji hukingwa kiasi dhidi ya malaria Allison aliuchapisha mwaka 1954. Kati ya watoto 290 wa eneo la Kampala, wabebaji walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria, yaani 28%. Kati ya 247 wasio wabebaji, 113 walikuwa navyo, yaani 46%. Ninachokithamini zaidi hapa ni uamuzi wa kupima watoto wadogo. Mtu mzima wa eneo lenye malaria nyingi ameshajijengea kinga kwa kuugua mara kwa mara, na kinga hiyo huificha tofauti inayotafutwa.

Sasa hesabu inakaa sawa. Jeni itabaki kwenye 0.1 iwapo wenye nakala mbili za kawaida watapungukiwa na nafasi ya kuishi na kuzaa kwa takriban 11% wakilinganishwa na wabebaji. Malaria inatosha kabisa kuleta upungufu huo.

Nasisitiza jambo moja, kwa sababu kulikosea kunaua. Anayelindwa ni mbebaji, tena si kikamilifu. Mtoto mwenye nakala mbili za selimundu akipata malaria huwa hatarini zaidi, kwani tayari ana upungufu wa damu na bandama lake mara nyingi limeshadhoofika. Huyo alale kwenye chandarua chenye dawa kila usiku, apewe dawa ya kukinga malaria kama kliniki ilivyoelekeza, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.